Kikokotoo changu na moyo wa mjomba

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mtanivumilia kidogo. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina kisa na nina maoni, na baadhi yenu mnaotengeneza programu za afya huenda msiyapende.

Mjomba wangu anaishi Minnesota, Marekani, ambako kwa miaka mingi amefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kabla hajaondoka Kenya aliwahi kuugua kikohozi kisichoisha, tezi zikavimba, picha ya kifua ikaonyesha madoa. Makohozi yalipopimwa hayakuonekana vijidudu, lakini akapewa dawa za TB kwa miezi 6. Simlaumu aliyempa. Kenya iliwekwa katika orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na miaka ile mambo hayakuwa nafuu zaidi. Daktari wa hapa akiona kifua cha namna ile, TB ndiyo inayomjia akilini kwanza, na mara nyingi anakuwa sahihi.

Miaka ikapita. Akiwa huko ng'ambo akaanza kuzirai. Umeme wa moyo ulikuwa haufiki tena kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, mapigo yakawa machache mno. Akawekewa betri ya moyo, akarudi kazini kama kawaida. Baadaye miguu ikavimba, na ngazi za nyumbani kwake zikageuka mlima. Hapo ndipo walipochunguza kwa undani, wakampiga picha ya PET, wakakata kipande kidogo cha tezi ya kifuani, na ugonjwa ukapata jina lake: sarkoidosi iliyoingia moyoni.

Kwa wasioujua, na mimi sikuujua, sarkoidosi ni ugonjwa ambao chembe za kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vinundu vidogo vidogo ndani ya viungo. Jonathan Hutchinson wa London aliueleza mwaka 1877, na Caesar Boeck wa Norway akaupa jina lililozaa hili la leo mwaka 1899, lakini mpaka sasa chanzo chake hakijulikani. Chini ya darubini vinundu hivyo vinafanana sana na vya TB, ila vya TB kwa kawaida huoza katikati. Mara nyingi hukaa kwenye mapafu na tezi. Vikiingia moyoni hufanya mambo matatu: hukata nyaya za umeme, huacha makovu yanayozusha umeme wa vurugu, na hudhoofisha msuli hadi moyo ushindwe kusukuma damu. Mjomba alipata la kwanza, halafu la tatu. La pili lilikuwa njiani na sisi hatukuliona.

Sasa naja kwenye kosa langu. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kazi ndogo ya wikendi niliyokuwa najivunia sana: kikokotoo cha hatari ya kufa kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa, chenye maelezo ya Kiswahili. Hesabu zenyewe sikuzibuni mimi. Nilichukua jedwali la MAGGIC lililochapishwa mwaka 2013, ambalo lilitengenezwa kwa data ya wagonjwa 39,372 kutoka tafiti 30. Unajaza mambo 13: umri, jinsia, uzito kwa urefu, presha, kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kila pigo, kreatinini, kama unavuta sigara, kama una kisukari, dawa unazotumia na kadhalika. Linakupa alama, na alama zinakupa asilimia ya kufa ndani ya mwaka 1 na miaka 3. Kuandika msimbo wake ni kazi ya saa mbili. Rangi za vitufe zilinichukua muda mrefu zaidi.

Mjomba akanipigia simu. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Hawa madaktari wananizungusha. Wanataka kunitoa hii betri waniwekee ile inayopiga shoti. Hebu niwekee namba zangu kwenye hicho kitu chako." Akanisomea vipimo vyake vyote. Mwaka wa 51 wa umri, moyo unasukuma asilimia 28, presha ya chini kidogo, hana kisukari, havuti sigara, dawa zote anameza. Jibu likatoka: kama watu 11 kati ya 100 wenye namba kama zake hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Nikaipiga picha ile skrini nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mnajua kilichofuata. "89 kwa 100! Mungu ni mwema." Mjomba mkubwa aliyekuwa anatafuta viza ya kwenda kumwona akasema basi atangoja Disemba. Harambee ya nauli ikasimama. Na mjomba mwenyewe, ambaye hakuwa na siku za mapumziko na ana watoto wawili chuoni, akaahirisha ile miadi ya kubadilishiwa kifaa hadi msimu wa baridi upite.

Wiki saba baadaye alianguka kazini, kwenye korido, akiwa anasukuma kiti cha mzee mmoja. Moyo ulikuwa unatetemeka bila kusukuma chochote. Muuguzi wa zamu alichomoa ukutani ile mashine ya kushtua moyo, na ndiyo maana leo naandika makala ya maoni wala si tanzia.

Nimejiuliza mara nyingi kama namba yangu ilikuwa ya uongo. Hapana, haikuwa. Niliikagua msimbo mstari kwa mstari, alama zote zilijumlishwa sawasawa. Hitilafu ya kawaida ningeirekebisha usiku huo huo nikalala. Hii ilikuwa kubwa kuliko hitilafu: kikokotoo kilijibu vizuri sana swali kuhusu watu wengine.

Angalia yale maswali 13. Hakuna linalouliza moyo umeshindwa kwa sababu gani. Hakuna linalouliza kama umewahi kuzirai, kama nyaya za umeme zimekatika, kama picha ya MRI inaonyesha makovu, kama PET inaonyesha moto bado unawaka ndani ya msuli. Modeli nyingine maarufu, Seattle Heart Failure Model ya mwaka 2006, inauliza chanzo, lakini kwa namna yake: je, ni mishipa ya moyo iliyoziba, ndiyo au hapana? Mjomba anaangukia kwenye "hapana", pamoja na mtu ambaye moyo wake uliharibiwa na pombe, na mama aliyeugua baada ya kujifungua. Modeli ile ilijengwa kwa wagonjwa 1,125 wa jaribio moja la dawa la miaka ya 1990, ikajaribiwa kwa wengine 9,942. Ni kazi nzuri, siidharau. Lakini hata kwa wagonjwa wake wenyewe uwezo wake wa kutofautisha ulikuwa karibu 0.73. Maana yake, chukua wagonjwa wawili, mmoja alifariki na mwingine akaishi. Modeli itamtambua aliye hatarini zaidi mara 73 kati ya 100. Sarafu ingepata 50. Sasa mpeleke mbele yake mgonjwa ambaye aina yake haikuwahi kuiona kwa wingi, halafu uandike asilimia yenye desimali kwenye kisanduku cha kijani. Mimi nilifanya hivyo. Kijani!

Kuna wanaosema: basi tengeneza modeli ya sarkoidosi peke yake. Nilifikiri hivyo hivyo, nikaanza kutafuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini madaktari walikuwa "wanamzungusha".

Utafiti wa Japani wa mwaka 2001, unaotajwa kila mahali, ulikuwa na wagonjwa 95 tu. Waliotibiwa kwa prednisoni, 75 kwa 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wale ambao moyo wao bado ulisukuma asilimia 50 au zaidi, 89 kwa 100. Mambo yaliyotabiri kifo yalikuwa ukali wa dalili, kupanuka kwa chumba cha kushoto cha moyo, na yale mapigo ya kasi ya vurugu yanayodumu. Ufini mwaka 2015 walichapisha wagonjwa 110 wa nchi nzima: baada ya miaka 10, watu 83 kwa 100 walikuwa hawajafa kwa moyo wala kupandikizwa mwingine. Lakini walioanza kwa moyo kushindwa, idadi hiyo ilishuka hadi 53. Soma tena namba hizo mbili, 83 na 53. Ugonjwa ni mmoja, nchi ni moja, na tofauti kubwa hiyo inatokana na ulianzaje. Kikokotoo changu hakikuuliza.

Ila tazama udogo wa data. Kuna kanuni ya zamani kwenye takwimu kwamba kwa kila kigezo unachoweka katika modeli uwe na angalau matukio 10. Matukio, si wagonjwa. Ukiwa na wagonjwa 110 na 20 tu kati yao wakapatwa na tukio, unaruhusiwa vigezo viwili hivi. Sisi watu wa kompyuta tumezoea kusikia mamilioni ya safu, tunasahau kwamba kuna magonjwa ambayo wagonjwa wote wa nchi wanaenea kwenye faili moja ambayo hata simu yako ingeifungua. Na hao ni Wajapani na Wafini. Utafiti wa Detroit wa mwaka 1997 uliona wagonjwa wapya wa sarkoidosi 35.5 kwa kila Wamarekani weusi 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 10.9 kwa weupe. Kwa hiyo ugonjwa unaowapata zaidi watu wanaofanana na mjomba, mengi tunayojua kuhusu mwendo wake moyoni tumeyajua kwa watu wa Tokyo na Helsinki.

Halafu kuna tatizo la lebo, na hili wenzangu wa akili bandia mlisikilize vizuri. Ukitaka kufundisha mashine lazima ujue nani ana ugonjwa na nani hana. Kipande cha nyama kinapochukuliwa moyoni kwa sindano, vinundu hukosekana mara nyingi kwa sababu vimetawanyika. Kwa kawaida hupatikana kwa mgonjwa 1 kati ya 4 hivi. Wapo watu ambao sarkoidosi yao iligunduliwa moyo ukiwa umeshatolewa kifuani na kuwekwa mezani, baada ya kupandikizwa mwingine. Miaka yote hiyo katika kompyuta ya hospitali waliandikwa "moyo uliopanuka, chanzo hakijulikani". Na hapa kwetu, ni wangapi wameandikwa TB? Mjomba alikuwa mmoja wao. Data hiyo unaweza kuilisha mashine yoyote uipendayo, itajifunza makosa yetu kwa bidii.

Jambo la mwisho la kiufundi, halafu niwaache. Kwa mgonjwa ambaye moyo umefika hatua za mwisho, "matokeo" ni nini hasa? Kufa? Kupandikizwa moyo? Kuwekewa pampu? Kushtuliwa na kifaa ambacho bila hicho angekufa? Mtu aliyepandikizwa moyo siku ya 200, moyo wake wa zamani ungesimama lini? Hakuna ajuaye. Ni kama kusoma kumbukumbu za seva iliyong'olewa na kuwekwa nyingine: ukiihesabu kama iliyodumu unajidanganya, ukiihesabu kama iliyokufa unajidanganya pia. Tafiti nyingi huunganisha kifo na upandikizaji kuwa kitu kimoja. Kwa takwimu ni sawa. Mwambie mjomba wangu kwamba kupata moyo mpya na kufa ni tukio moja uone atakujibuje.

Na utabiri wenyewe hubadilisha kinachotabiriwa. Mtu wa hali ya hewa akisema kesho itanyesha, mawingu hayamsikii. Mgonjwa anasikia. Mjomba alisikia 89 akaahirisha miadi. Angesikia namba mbaya angeenda kesho yake, wakamwekea kifaa, na hatari ingeshuka. Nimesoma mwongozo wa mwaka 2017 wa vyama vya Marekani vya madaktari wa moyo: mwenye sarkoidosi ya moyo ambaye moyo unasukuma asilimia 35 au chini anapendekezwa kifaa cha kushtua moyo, na pendekezo hilo limepewa daraja la juu kabisa. Asilimia 28. Haikuhitaji kikokotoo. Ilihitaji mtu amwambie mjomba, "Nenda." Mimi nikampa hesabu.

Rafiki yangu mmoja daktari wa hapa Nairobi, nilipomsimulia, alinipinga, na naona nimtendee haki. Alisema ukiondoa namba, daktari hakai bila kutabiri. Anatabiri kwa hisia, na hisia zinakosea vibaya zaidi, tena bila mtu kuzikagua. Alisema pia kwamba viungo vya kupandikizwa ni vichache na lazima vigawanywe kwa utaratibu fulani. Ufaransa tangu mwaka 2018 inagawa mioyo kwa kutumia alama za hesabu. Marekani tangu Oktoba 2018 ina ngazi 6, na ngazi yako hutegemea zaidi mashine na matibabu yanayokushikilia kuliko vipimo vyako. Hiyo nayo ina ila zake, maana sarkoidosi inaweza kukuweka katika hatari kubwa ya kufa ghafla huku kwa nje ukionekana unatembea vizuri.

Nakubaliana naye kwa hayo yote. Sisemi namba zifutwe. Nasema programu ijue mahali pa kunyamaza. Sisi tunaoandika msimbo tumefunzwa kwamba kisanduku kisicho na jibu ni aibu, tunaogopa ukurasa mtupu kuliko tunavyoogopa jibu bovu. Ukiandika programu ya benki, mteja akiingiza herufi mahali pa kiasi, unaikataa ingizo lake bila huruma. Kwa nini basi mgonjwa ambaye modeli haimjui tunampokea kwa tabasamu na desimali mbili?

Nimeubadilisha ukurasa wangu. Swali la kwanza sasa ni chanzo cha ugonjwa, kabla ya umri, kabla ya yote. Ukichagua sarkoidosi hakuna asilimia inayotoka. Yanatoka maneno: kwamba modeli hii haikujengwa kwa watu kama wewe, kwamba katika ugonjwa huu mambo ya kumuuliza daktari ni kuzirai, mapigo ya vurugu, makovu kwenye MRI na moto kwenye PET, kwamba ukiwa chini ya 35 uliza leo kuhusu kifaa cha kushtua moyo. Ukichagua "sijui chanzo", namba inatoka, lakini juu yake pameandikwa ni akina nani waliohesabiwa, na sentensi hiyo siwezi kuificha kwa kubofya. Rangi ya kijani nimeitoa. Msomaji mmoja ameshaniandikia kuuliza hii ni programu gani isiyotoa jibu. Nilimjibu kwa heshima.

Kwa wale wenu mnaouza vikokotoo vya aina hii kwa zahanati na hospitali: wekeni jina la data mbele. Wagonjwa wangapi, wa wapi, wa miaka gani, na magonjwa gani hayakuwamo. Si kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi". Pale pale penye namba, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Mjomba sasa ana kile kifaa. Kimempiga shoti mara moja, anasema ni kama teke la punda kifuani, halafu anacheka. Anameza prednisoni na methotrexate, uso umevimba, usingizi haupati. Moyo umeendelea kuchoka na wanampima kuona kama anafaa kuwekwa kwenye orodha ya kupandikizwa. Zamani wengi waliogopa kuwapandikiza wenye sarkoidosi, kwamba ugonjwa utaufuata moyo mpya. Rejista ya Marekani imeonyesha kwamba kwa jumla wanaishi baada ya upandikizaji karibu sawa na wengine. Hilo nimemwambia, na nimemwambia pia kwamba waliohesabiwa hapo ni wale tu walioteuliwa.

Juzi alinipigia tena. Nikajua ananiuliza namba. Kumbe anataka nimsaidie kujaza fomu za likizo ya ugonjwa, tovuti yao inamkatalia kupakia picha ya barua ya daktari. Faili ilikuwa kubwa mno. Nikampunguzia.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, Mungu akipenda.